Barabara za ndani ya mradi wa viwanja ni za nani, na nani azitunze?

Swali: Msomaji wa Mbeya ameandika kwamba yeye ni mweka hazina wa kamati ya wakazi katika mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuuzwa na kampuni binafsi pembezoni mwa jiji, upande wa Uyole. Mradi una viwanja 240, lakini nyumba zinazokaliwa ni 70 tu. Kuna kilomita 3.2 za barabara za moramu, geti lenye walinzi, kisima kirefu na taa chache. Kila nyumba hutakiwa kutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, wanaotoa hawazidi 45, na fedha yote huishia kwenye mishahara ya walinzi. Sasa kampuni imewaandikia kwamba inajitoa mwishoni mwa Juni. Anauliza barabara hizo ni mali ya nani, kama kamati inaweza kumlazimisha mwenye kiwanja kitupu anayeishi Dar es Salaam achangie, na kama ni halali kumfungia geti asiyelipa.

Jibu: Ndugu mweka hazina, umefanya vema kutaja idadi ya viwanja pamoja na idadi ya nyumba, kwa sababu ugumu wenu wote umo katika pengo lililopo kati ya namba hizo mbili. Maoni yangu ni kwamba gharama ya barabara na mitaro inapaswa kubebwa na kiwanja, kiwe kimejengwa au kiwe bado pori, na wajibu huo uandikwe kwa namna itakayomfuata kila atakayekimiliki baadaye. Mkiendelea kuchangisha wakazi peke yao, watu 45 wataendelea kutunza barabara ya watu 240, nao watachoka.

Nianze na umiliki. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake; sisi sote tunamilikishwa haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Kampuni iliyowauzia ilinunua mashamba, ikaandaa mchoro wa mipango miji, ukapitishwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kisha upimaji ukafanyika, bikoni zikawekwa, na kila mnunuzi akaanza kufuatilia hati ya kiwanja chake. Katika utaratibu huo barabara na maeneo ya wazi yaliyomo kwenye mchoro hayatolewi hati kwa jina la kampuni, bali huachwa kwa matumizi ya umma. Kwa hiyo maneno “barabara binafsi” yaliyoandikwa kwenye kipeperushi cha mauzo mara nyingi yana maana moja tu, kwamba hakuna chombo cha umma kilichoanza kuitengeneza. Haki ya kupita ni ya watu wote, ila mzigo wa matengenezo umewaangukia ninyi.

Hali hubadilika ikiwa eneo zima liko chini ya hati moja ya kampuni na wanunuzi wamepewa mikataba tu, kwani hapo barabara imo ndani ya ardhi ya kampuni na kujitoa kwake bila kuihamisha kutawaachia njia isiyo na mwenyewe. Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya mkutano wowote wa michango, ni kwenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri yenu mkapate nakala ya mchoro uliopitishwa pamoja na ramani ya upimaji. Hakikisheni pia mpo upande gani wa mpaka, kwa sababu viwanja vya pembezoni mwa Mbeya huweza kuwa ndani ya Jiji au ndani ya Halmashauri ya Wilaya, na kugonga mlango usiohusika hupoteza miezi.

Mkishajua barabara ni ya umma, msidhani kwamba TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, itakuja yenyewe. Wakala huo, ulioanzishwa mwaka 2017, hutengeneza barabara zilizoingizwa katika mtandao wake, na si kila mstari uliomo kwenye mchoro wa mipango miji umo katika mtandao huo. Maombi ya kuingizwa hupitia serikali ya mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, nayo huwa na nguvu pale barabara inapobaki na upana wake wote wa kwenye ramani, bila ukuta wa mtu wala mti wa uzio uliosogea ndani. Ushauri wangu ni kwamba msiombe barabara zote. Ombeni ile kuu inayopita katikati ya mradi na kuunganisha majirani wa juu na wa chini, kisha ninyi mbaki na vichochoro vinavyoishia kwenye nyumba zenu. Mkifanya hivyo mtalazimika kukubali kwamba barabara kuu haiwezi kuwa na geti la kuzuia watu, na nadhani hilo ni badiliko lenye faida kwenu.

Hilo linanifikisha kwenye swali lako la geti. Kumzuia mtu asifike kwenye kiwanja au nyumba yake kwa sababu anadaiwa mchango si halali, na msifanye hivyo hata kwa siku moja. Barabara ikiwa ya umma, mnazuia njia ya umma. Ikiwa ya pamoja, mnamnyima mmiliki haki aliyoinunua. Na siku gari la Zimamoto au la wagonjwa litakapokwama hapo, lawama itakuwa juu ya wale walioweka mnyororo. Mlinzi anaweza kuandika namba ya gari na kuuliza mgeni anakwenda kwa nani, lakini asigeuzwe mkusanya madeni. Hata geti lenyewe linahitaji ridhaa ya halmashauri ikiwa limesimama juu ya barabara iliyomo kwenye mchoro.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona kwamba katika barua yako mitaro haikutajwa hata mara moja. Katika nyanda zetu mvua huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, na mara nyingine Mei. Kinachoiua barabara ya moramu kwenye mteremko ni maji yanayotembea juu yake kwa sababu hayana pa kwenda, kuliko hata magari. Nenda kasimame mbele ya nyumba yoyote inayojengwa katika mradi wenu. Utaona kwamba ili tipa la tofali liingie, fundi amejaza kifusi kwenye mtaro bila kuweka kalavati, akaahidi kuuzibua kazi ikiisha. Kwenye mvua ya kwanza maji yanafika kwenye kifusi hicho, yanapanda barabarani, yanachimba mfereji kufuata alama za matairi, na kufikia Februari mfereji huo una kina cha goti na moramu yote imelala kwenye kiwanja cha mtu wa chini. Nyumba kumi za namna hiyo zinatosha kuiharibu kilomita nzima. Kanuni yenu ya kwanza, kabla hata ya ile ya michango, iwe kwamba hakuna gari la ujenzi linaloingia kiwanjani kabla kalavati halijawekwa kwenye maingilio, kalavati lenye kipenyo cha milimita 600 angalau ili liweze kusafishwa.

Matengenezo yenyewe yana majira yake. Mitaro na makalavati yazibuliwe Oktoba, kabla ya mvua. Greda lipite Mei au mwanzoni mwa Juni, udongo ukiwa bado na unyevu, kwa sababu kukwangua barabara Agosti bila bauza la maji ni kutimua vumbi ambalo halitashikamana tena. Barabara ipewe mgongo, yaani katikati pawe juu kuliko kando kwa sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita moja ya upana, na kwenye mteremko mtaro utolewe michepuko ya kumwaga maji mahali palipokubaliwa na mwenye ardhi. Vile vipande vyenye mteremko mkali, ambavyo kwa kawaida huwa vichache, viwekewe zege au mawe mara moja, maana kuvimwagia moramu kila mwaka ni kumwaga fedha mtoni.

Nikupe hesabu ya mfano ili uione tofauti kati ya 240 na 70. Kuongeza moramu ya unene wa sentimita 10 kwenye kilomita 3.2 zenye upana wa mita 6 kunahitaji mita za ujazo 1,920 zikiwa zimeshindiliwa, na kama 2,400 zikiwa bado hazijashindiliwa, sawa na tripu 160 za tipa la mita 15. Tuchukulie tripu moja ni shilingi 200,000, na greda, bauza na mashine ya kushindilia kwa pamoja ni milioni 18; bei halisi mtazipata kwa wakandarasi wa Mbeya. Jumla ni milioni 50. Ikiwa kazi hiyo hurudiwa kila miaka 5, mnahitaji kutenga milioni 10 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa viwanja 240, kila kiwanja kinatoa kama shilingi 3,500 kwa mwezi. Zikigawanywa kwa nyumba 70, ni karibu 12,000, na kwa wale 45 wanaolipa sasa ni zaidi ya 18,000, kabla mlinzi hajapata hata senti. Mwenye kiwanja kitupu wa Dar es Salaam atasema hatumii barabara. Mjibuni kwa heshima kwamba anaitumia kila siku, kwa kuwa bei ya kiwanja chake inategemea kama mnunuzi anaweza kufika pale mwezi wa Machi.

Hiyo haina maana kwamba kila gharama igawanywe sawa. Barabara, mitaro na akiba ya matengenezo makubwa viende kwa kiwanja. Ulinzi na taa viende zaidi kwa nyumba zinazokaliwa, ingawa si vibaya mwenye boma lenye mabati na nondo ndani achangie mlinzi. Uzoaji wa taka kwa kawaida una ada yake inayosimamiwa na halmashauri kupitia mtaa, basi msiwatoze watu mara mbili. Maji yauzwe kwa mita, kila mtu alipie uniti alizotumia, na bei iwe na sehemu ya kununulia pampu mpya. Na wapo wanaotumia barabara kuliko wengine. Jaribio kubwa la barabara lililofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 ndilo lililotoa kanuni inayotumiwa na wahandisi hadi leo, kwamba uharibifu hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 huumiza barabara mara 10,000 ya ekseli ya tani moja. Kanuni hiyo ilipatikana kwenye lami na zege, hata hivyo inatosha kueleza kwa nini anayejenga hosteli au ghala aweke dhamana ya ujenzi, irudishwe kazi ikiisha na mtaro ukiwa mzima. Nchini Sweden, ambako sehemu kubwa ya urefu wa barabara zote iko mikononi mwa wamiliki binafsi na vyama vya watumiaji, sheria ya mwaka 1973 humpa kila mwenye ardhi fungu lake la gharama kwa kutazama faida anayoipata na matumizi yake, na matumizi hukadiriwa kwa uzito na umbali. Ninyi hamhitaji hesabu ndefu kama hiyo, ila wazo lake ni la haki.

Je, mnaweza kumlazimisha? Hapa niwe mkweli kabisa: uamuzi wa mkutano wa wakazi peke yake haumfungi mtu ambaye hakuukubali. Kinachomfunga ni mkataba. Someni tena mikataba ya mauziano ya kampuni, kwa sababu mingi huwa na kifungu cha ada ya huduma au ya miundombinu. Kama kimo, haki ya kudai ada hiyo ni ya kampuni, na inapojitoa mnapaswa kuitaka iihamishe kwa maandishi kwenye chombo chenu. Kampuni ikiondoka bila kufanya hivyo, kifungu hicho kitabaki karatasi isiyo na mdai. Kama hakimo, andaeni mkataba wa pamoja utakaosainiwa na kila mmiliki mmoja mmoja, ukisema kwamba hatauza kabla mnunuzi wake hajasaini ahadi hiyohiyo na kabla deni halijalipwa.

Ugumu wa kumfunga mnunuzi wa pili ni wa kale. Kanuni ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu zimerithi mengi kutoka kwake, ni kwamba ahadi ya kulipa fedha haiandamani na ardhi kirahisi kama ahadi ya kutofanya jambo. Lakini mwaka 1957, katika kesi ya Halsall dhidi ya Brizell, mahakama ya Uingereza ilikutana na hali inayofanana sana na yenu. Wanunuzi wa viwanja vya Cressington Park, Liverpool, walisaini hati mwaka 1851 kwamba watachangia barabara na mifereji ya maji machafu. Wamiliki wa baadaye wa nyumba mojawapo walipinga mchango waliotakiwa kulipa. Jaji alisema kwamba anayechukua faida ya hati hiyo, yaani matumizi ya barabara, lazima abebe na mzigo wake. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, ila wakili wenu anaweza kuieleza, na inawafundisha kitu cha kuandika: faida na mzigo viwekwe katika hati moja. Pale bomba la kisima au mtaro unapopita kwenye kiwanja cha mtu, Sheria ya Ardhi inaruhusu haki hiyo ya matumizi kuundwa kwa hati na kusajiliwa, na ikisajiliwa humfuata kila mmiliki.

Nguvu yenu iliyo halali na ya karibu zaidi ni kisima. Kikiwa mali ya chombo chenu, mnaweza kuweka sharti kwamba anayeunganishiwa maji awe amesaini mkataba na kulipa malimbikizo ya kiwanja chake, na hakuna atakayejenga bila maji. Kwa sababu hiyo hakikisheni kisima kinahamishwa pamoja na kibali cha kutumia maji. Mbeya ipo mahali ambapo mabonde yanakutana: Bodi ya Bonde la Ziwa Rukwa ina ofisi Mbeya, ya Ziwa Nyasa ipo Tukuyu, na ya Rufiji ipo Iringa. Ulizeni kisima kiko katika bonde lipi na kibali kimeandikwa kwa jina la nani. Zungumzeni pia na mamlaka ya maji ya jiji mapema, kwa kuwa siku mtandao wake utakapofika kwenu, sharti la kisima litapungua nguvu. Basi tumieni miaka hii kukusanya saini.

Chombo chenyewe kisajiliwe. Kamati isiyosajiliwa haiwezi kumiliki kisima wala kudai mahakamani kwa jina lake, na akaunti ya benki iliyo kwa majina ya watu wawili ni hatari kwao na kwenu. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Majengo ya mwaka 2008 kimsingi iliandikwa kwa ajili ya majengo yaliyogawanywa sehemu, si kwa nyumba zilizojitenga kila moja na hati yake, kwa hiyo msiitegemee. Njia zinazowafaa ni chama chini ya Sheria ya Vyama kikiwa na wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, au, madhumuni yenu yakikubaliwa, kampuni isiyo na hisa yenye ukomo wa dhamana iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Kwa kuwa mna kisima na mtakuwa na akiba ya mamilioni, mimi ningechagua kampuni ya dhamana, kila mmiliki wa kiwanja akiwa mwanachama, ingawa ina kazi ya kupeleka taarifa na hesabu kila mwaka. Kura iwe moja kwa kila kiwanja, mwenye viwanja vingi awekewe kikomo, na walio mbali waruhusiwe kupiga kura kwa maandishi. Kiwanja kilicho kwenye mirathi kiendelee kuandikwa kwenye daftari, lakini wajane na watoto wasisumbuliwe hadi msimamizi wa mirathi ateuliwe. Mwenyekiti wa mtaa aalikwe tangu mkutano wa kwanza. Barua ya kutodaiwa, yaani ya chombo chenu kuthibitisha kwamba kiwanja hakina deni, ambayo mtamwomba mwenyekiti huyo aiulizie wakati wa mauziano, haina nguvu ya kuzuia uhamisho wa hati, ila wanunuzi wengi wakiijua wataidai wenyewe.

Mtasikia hoja kwamba watu tayari wanalipa kodi ya majengo kupitia LUKU. Ni kweli, na nyumba ya kawaida sasa hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Fedha hiyo ni mapato ya Serikali, haikutengwa kwa barabara ya mradi wenu, na kuilipa hakumwondolei mtu deni la mkataba. Wasiolipa baada ya kusaini wapelekewe taarifa ya maandishi, kisha usuluhishi, kisha Mahakama ya Mwanzo kama deni lolote jingine.

Kuhusu barua ya kampuni, msiikubali wala kuikataa kwa mdomo. Iandikieni mkiomba mchoro uliopitishwa, ramani ya upimaji, orodha ya wanunuzi wote na anwani zao, mikataba ya walinzi na ya umeme wa kisima, kibali cha maji, na mchanganuo wa ada ya miundombinu iliyokwisha kupokewa. Ukaguzi wa pamoja wa barabara ufanyike mvua zikiwa bado zinanyesha, mhandisi na mwenyekiti wa mtaa wakiwepo, picha zikipigwa kwenye kila kalavati, ili kasoro za ujenzi wa awali zitengenezwe kwa gharama ya kampuni wakati greda linapoweza kufanya kazi. Na kwa viwanja ambavyo kampuni haijaviuza, iandikwe wazi kwenye makubaliano ya makabidhiano kwamba kuanzia tarehe 1 Julai itavilipia mchango kama mmiliki mwingine yeyote.